Funda Moja Wewe, Funda Moja Mimi

Katika kliniki ile ya meno, orofa ya pili juu ya duka la vioo, watoto walimwogopa daktari kidogo na Bi Mswaki sana. Daktari alikuwa na koleo na sindano, lakini Bi Mswaki alikuwa na macho. Mtoto aliyefungwa waya za kunyoosha meno angepanda ngazi akiwa ameficha ushahidi wote, pipi ndani ya soksi, biskuti katikati ya madaftari, na Bi Mswaki angemchungulia mdomoni mara moja tu na kusema, "Jumamosi ulikuwa kwenye sherehe. Ulikunywa soda, tena si moja." Mtoto angeachama kwa mshangao, naye angesema, "Ahaa, hivyo hivyo, usifunge."

Jina hilo walimpa watoto wenyewe, akalipokea. Alikuwa mwanamke mfupi, mwendo wa haraka, mikono yenye harufu ya sabuni ya hospitali. Ndoa yake ilidumu miaka mitatu ikaisha kimyakimya, bila mtoto na bila matusi. Kliniki aliingia akiwa mfagiaji. Kwa miaka minne alipiga deki chumba cha daktari, masikio yakiwa wazi. Asubuhi moja msaidizi wa daktari hakutokea, na mgonjwa alikuwa ameshalala kwenye kiti. Daktari akamwita aache ndoo, anawe mikono, amshikie taa. Kabla daktari hajamaliza kutaja chombo, chombo kilikuwa kimeshafika mkononi mwake. Daktari, mtu wa maneno ya kuhesabu, akamtazama juu ya barakoa na kusema, "Kesho njoo bila fagio."

Akasomeshwa, akapata cheti, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake kubwa ikawa moja: kuwafundisha waliofungwa waya namna ya kuyalinda meno yao mpaka siku ya kufunguliwa. Alikuwa na taya la plastiki lenye waya na vile vifungo vidogo vya chuma vinavyogundishwa kwenye kila jino. Alilishika kama mwalimu anavyoshika ramani.

"Waya inanyoosha meno, hailindi meno," alikuwa akiwaambia. "Kulinda ni kazi yako. Chakula kinanasa pembeni ya kifungo, utando unajenga, vijidudu vinakula sukari yako na kukulipa asidi. Asidi inakula enameli, lile ganda gumu la nje. Wiki nne tu, jino lina baka jeupe kama chokaa. Na hulioni vizuri mpaka kifungo kitoke. Siku uliyongoja kuchekea watu ndiyo siku ya aibu."

Kisha aliwaonyesha: mswaki juu ya waya ukitazama chini, chini ya waya ukitazama juu, kijiswaki chembamba katikati, dawa ya kusukutua yenye floraidi kabla ya kulala. Ukinywa kitu kitamu, sukutua kwa maji papo hapo. Na usinywe kidogo kidogo. Afadhali umalize chupa kwa mara moja kuliko kuionja saa nzima, maana jino nalo linataka kupumzika, na mate yanataka nafasi ya kulitibu. Mwisho aliwapa kidonge chekundu cha kutafuna. Pasiposafishwa vizuri palibaki pekundu. "Kidonge hiki hakina undugu na mtu," alisema. "Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, ukuta unajengwa. Enameli ikishakwenda, hakuna fundi wala kokoto."

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kike, fundi cherehani aliyeshona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba yake. Huyo alikuwa kinyume chake kwa kila kitu: mrefu, mzembe wa muda, mwenye kicheko kilichotangulia mlangoni kabla yake. Mumewe alikwenda zake kabla mtoto wao hajaota jino la kwanza, na yule mtoto wa kike akalelewa na cherehani upande mmoja na mama mkubwa upande wa pili. Alipofika miaka kumi na miwili meno yake ya mbele yalikuwa yamepandana kama watu wanaogombea mlango. Shuleni wakamwita Msumeno. Akajifunza kucheka huku kiganja kimefunika mdomo.

"Dada," mdogo wake akasema siku moja, sindano zikiwa zimebanwa midomoni, "unashinda ukihangaikia meno ya watoto wa watu. Wangu je?"

Ndivyo binti alivyofungwa waya. Na kama kulikuwa na mwanafunzi aliyewahi kumridhisha Bi Mswaki, ni huyo. Miezi minane mfululizo kidonge chekundu hakikupata pa kushika mdomoni mwake. Daktari alifikia kuwaita wagonjwa wengine waje wamtazame. Mama mkubwa alijisifu mpaka akaanza kujionea haya.

Mwezi wa tisa mdogo wake akaanza kukwepa chakula. Alisema tonge linakwama. "Koo langu limekuwa mlinzi wa geti," alitania, "kila tonge linaulizwa linakwenda kwa nani." Wakacheka. Wiki tatu baadaye hata uji uliulizwa, na nguo zilianza kumning'inia. Bi Mswaki akamshika mkono akampeleka hospitali kubwa.

Majibu alipewa yeye, kwenye korido, amesimama. Uvimbe ulikuwa umeziba njia ya chakula na ulishasambaa. Kupasua kusingesaidia. Miezi mitatu, daktari wa hospitali alisema, au chini ya hapo.

Aliporudi wodini, mdogo wake alimtazama usoni akaelewa, maana ndugu wa tumbo moja hawahitaji kusomeana karatasi. Kisha akasema, "Mtoto asiambiwe. Ana mitihani."

"Atajua tu."

"Atajua nikishaondoka. Kwa sasa mwache awe na mama mwenye koo linalouma. Niahidi, dada."

Akaahidi. Binti akaambiwa mama ana vidonda vya koo, atapona polepole.

Bi Mswaki aliomba likizo, akawa akishinda kando ya kitanda. Kila siku saa nane mchana binti alifika moja kwa moja kutoka shuleni, ndani ya sare aliyoshonwa na mama yake, akakaa kwenye kiti cha chuma na kufungua madaftari. Muuguzi wa wodi alikuwa ameshawaambia, "Kwa sasa msimchagulie. Chochote kinachopita, kipite." Na kilichopita kilikuwa kimoja tu, soda baridi ya chungwa. Maziwa yaligoma, supu iligoma, maji yenyewe yaligoma. Lakini hata soda mgonjwa aliikataa mpaka mtoto afike.

"Siwezi kunywa peke yangu kama mlevi," alimwambia binti yake kwa sauti iliyokuwa imebaki nusu. "Funda moja wewe, funda moja mimi."

Basi wakanywa hivyo. Funda la binti, halafu funda la mama, halafu ngoja, mama avute pumzi, ajikaze limpite, atabasamu kama aliyeshinda mbio. Halafu tena. Chupa moja ndogo ilichukua saa nzima. Ikafuata nyingine. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili, siku baada ya siku.

Mtu mwingine angeona mama na mwana wakigawana soda. Bi Mswaki aliona kingine pia. Aliona kile alichokikataza kwa miaka kumi na tisa kikifanyika mbele yake, kwenye meno aliyoyasimamia mwenyewe, kidogo kidogo, bila jino kupumzika. Siku ya kwanza alifungua mdomo aseme. Akaona mkono wa mdogo wake ulioshika chupa, mifupa mitupu, na mtoto akicheka kwa sababu mama amechekesha. Akaufunga.

Kesho nitamwambia, aliwaza. Nitampeleka bombani asukutue, ni dakika moja. Lakini bomba lilikuwa mwisho wa korido, na mgonjwa alikuwa ameanza kuhesabu kila anayenyanyuka, kana kwamba anamwacha. Siku ya pili binti alinyanyua chupa, ikamgusa midomo, kisha akasita akamtazama mama mkubwa. Alimtazama kama watoto wa kliniki walivyomtazama wakikamatwa na pipi, akingoja neno. Bi Mswaki akageuza uso dirishani, akajifanya anatazama wafuaji wa mashuka kule chini. Nyuma yake akasikia funda likimezwa.

Hakusema siku hiyo. Hakusema nyingine zote.

Kliniki ilipiga simu mara mbili kuhusu miadi ya binti. Mara mbili akajibu watakuja. Asubuhi, nyumbani kwake ambako binti alikuwa akilala sasa, aliugusa mswaki wa mtoto bafuni. Ulikuwa mkavu. Akaurudisha kwenye kikombe. Mtoto alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, mkoba mgongoni, mabega yameinama, na mama mkubwa hakuona namna ya kumwita arudi kwa ajili ya meno.

Wiki kumi na moja zikapita hivyo. Mdogo wake alifariki Alhamisi moja saa nne asubuhi, mtoto akiwa darasani.

Bi Mswaki ndiye aliyekwenda shuleni. Walimpa ofisi ya mwalimu mkuu, yenye makombe ya michezo juu ya kabati, na binti akaitwa. Aliingia, akamwona, akasimama palepale mlangoni. Hakulia. Aliuliza, "Nani alikuwa naye?"

"Mimi, mwanangu."

"Alikunywa?"

"Hapana. Leo hakunywa."

Binti akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa jibu la hesabu aliyokwisha kuifanya mwenyewe.

Baada ya maziko wakaishi wawili, nyumba moja, maneno machache. Cherehani waliihamishia chumbani kwa binti, ikafunikwa shuka. Waliporudi kliniki ilikuwa ni mwezi wa tano tangu miadi ya mwisho. Ufizi wa mtoto ulikuwa umevimba, na kidonge chekundu kilishika kila mahali. Daktari alitazama, kisha akamtazama msaidizi wake, akachukua kalamu akaandika. Bi Mswaki aliyasafisha meno yale mwenyewe, jino kwa jino, akayapaka dawa nzito ya floraidi. Toka siku hiyo binti alipiga mswaki kwa utiifu wote, juu ya waya, chini ya waya, kama kibarua anayemaliza zamu. Lakini mama mkubwa aliijua kazi yake. Alijua maradhi ya jino hayarudi nyuma kwa sababu mtu amejuta. Miezi iliyobaki alihesabu siku za kufunguliwa waya kama wengine wanavyohesabu siku za kesi.

Siku ikafika. Pale kliniki ilikuwa desturi yao kumpigia makofi mtoto aliyefunguliwa waya. Mpokezi alikuwa ameshakuja kusimama mlangoni, mikono tayari. Daktari akabana kifungo cha kwanza kwa koleo, kikatoka kwa mlio mdogo, tiki, kikadondoka kwenye sahani. Kikafuata cha pili. Bi Mswaki alishika bomba la kunyonya mate, akihesabu vifungo vinavyodondoka. Gundi ikakwanguliwa. Daktari akapuliza hewa meno yakauke.

Yalikuwa yamenyooka kama mstari wa rula. Na kila jino la juu lilikuwa na baka jeupe la chokaa pande zote, na katikati kijimraba safi pale kifungo kilipoketi, kama ukuta uliofifia kila mahali isipokuwa nyuma ya picha. Mawili ya mbele, karibu na ufizi, yalikuwa yameanza kulika na kuingia rangi ya kahawia.

Mpokezi akashusha mikono.

"Yamenyooka vizuri sana," daktari akasema, na ni kweli.

Binti akapewa kioo. Alijitazama muda mrefu, akigeuza uso kulia na kushoto. "Asante, daktari," akasema. Akashuka kwenye kiti. Na kabla hajafika mlangoni, kiganja kilikuwa kimeshapanda kufunika mdomo, ingawa hakuwa akicheka.

Chumba cha kusubiria hakina siri. Mama mmoja aliyekuja na mwanawe alimnong'oneza jirani yake, "Si ndiye mtoto wa Bi Mswaki huyo?" na jirani akajibu, "Mganga hajigangi." Bi Mswaki alisikia. Alipita kati yao na mkoba wake kifuani, akawaaga kwa adabu.

Nyumbani walikaa jikoni, chai ikapoa. Binti alikuwa akikata karoti za chakula cha jioni, vipande vyembamba sana, kama vile kazi hiyo haitakiwi kuisha.

"Ni kosa langu," mama mkubwa akaanza. "Sitaki ujilaumu. Nilikuona ukinywa ile soda. Nilijua itakachofanya. Watoto wote mjini nawakataza, wewe nikakunyamazia. Ningekupeleka tu bombani..."

"Najua."

"Nisamehe, mwanangu. Sikuweza kumnyima mama yako..."

"Mama mkubwa, najua." Binti aliweka kisu chini. "Ndivyo nilivyojua kwamba anakufa."

Bi Mswaki alimtazama bila kuelewa.

"Siku ile ya pili. Nilikutazama nikingoja unigombeze. Wewe unayegomba kwa pipi moja. Nikasema moyoni, akinigombeza basi mama atapona. Ukatazama dirishani." Sauti yake haikupanda. "Nikajua. Hakuna kingine ambacho kingekufanya uninyamazie."

Kwenye jiko maji yalikuwa yanachemka na hakuna aliyenyanyuka.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungenidanganya. Niliona nisikulazimishe kudanganya." Akaokota kipande cha karoti kilichoanguka, akakirudisha kwenye kibao. "Na yeye alitaka niwe sijui. Kwa hiyo nikawa sijui. Na meno pia nilijua. Ulinifundisha vizuri, usifikiri hukunifundisha. Ila nikikataa funda langu, naye angekataa lake."

Bi Mswaki aliyekwenda shuleni bila machozi, aliyesimama makaburini akigawa maji kwa watu, alilia pale kwenye stuli ya jikoni kama mtoto aliyepotea sokoni. Hakulilia meno tena. Alilia wiki kumi na moja. Walikuwa watatu kando ya kitanda kimoja, wote wanajua, na kila mmoja akiwa na wa kumficha. Aliyebeba mzigo mzito kuliko wote alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na aliubeba kwenye mkoba wa shule, peke yake, kwenda na kurudi. Binti alimwacha alie. Baadaye alizima jiko, akaja akasimama nyuma yake, akaweka kidevu juu ya kichwa chake.

Meno yalitibiwa kadiri yalivyotibika. Daktari hakuwa na haraka. Alitaka miezi sita kwanza ya floraidi na mswaki, mate yafanye kazi yao, na kweli baadhi ya mabaka yalififia. Kisha akapaka dawa nyepesi kama maji, inayopenya ndani ya baka na kulizima, na mawili yaliyolika akayaziba. Mtu akisimama mbali haoni kitu. Akikaa karibu, jua likipiga, ataona matatu yamebaki na ukungu. Daktari aliwaambia wazi kwamba hayo yatabaki hivyo.

Kiganja nacho kilichelewa kushuka. Kwenye picha ya kitambulisho cha shule mpiga picha alimwambia acheke kidogo, naye akatazama kamera midomo imefungwa. Mama mkubwa alikuwa nje ya pazia akisubiri, akasikia ombi lile likirudiwa mara tatu.

Kazini Bi Mswaki alibadilika, ingawa ni mpokezi peke yake aliyeweza kusema kwa vipi. Kabla ya kunyanyua lile taya la plastiki, sasa huuliza, "Nyumbani wote wazima?" na husubiri jibu mpaka lije. Mtoto akikosa miadi, hupiga simu mwenyewe, na haanzi na habari za meno. Kuna baba mmoja aliyemlilia kwenye simu robo saa nzima, na meno hayakutajwa kabisa. Na wale wenye mgonjwa nyumbani huwapa ushauri ambao haumo kwenye vipeperushi: chukua chupa ya maji, ukae nayo hapohapo. Ukinywa naye kitu kitamu, kunywa na funda la maji, lizungushe mdomoni, meza. Huna haja ya kunyanyuka, huna haja ya kumwacha. Jambo dogo kiasi hicho. Lilimjia mwaka mmoja baada ya maziko, akiwa amesimama kwenye foleni ya benki, na ilibidi atoke nje akae kwenye ngazi.

Binti sasa ana miaka kumi na tisa. Anasomea kazi ya maabara katika mji mwingine, anakaa bweni, na cherehani ameondoka nayo. Hupiga simu Jumapili baada ya chakula cha mchana. Huzungumza habari za masomo, mvua, mwenzake wa chumba anayekoroma, na magoti ya mama mkubwa ambayo siku hizi yanazilalamikia ngazi za kliniki. Mara nyingine binti hucheka, na mama mkubwa husikiliza kwa makini, kwa kuwa simu haionyeshi kama mkono umefunika mdomo au la. Hajawahi kuuliza. Habari za wodi ile hawajazigusa tena tangu siku ya jikoni. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze, na Jumapili inakwisha, wanaagana.